Kirangozi Ni Mtoto: Mwongozo wa Kuandaa Msako wa Vitabu Maktabani

Chukua kitabu cha Kiswahili cha miaka mingi iliyopita, kile ambacho jalada limefifia na kurasa zimegeuka rangi ya chai. Fungua ukurasa wa nyuma ya jina la kitabu, ule wenye maandishi madogo ambayo wengi wetu huyaruka. Huenda ukakuta maneno haya: T.M.P. Book Department, Tabora. Herufi hizo tatu ni za Tanganyika Mission Press, mtambo wa uchapaji wa Kipalapala, nje kidogo ya mji wa Tabora. Kipalapala, basi, si mahali palipokaa kusubiri vitabu vije kutoka mbali. Vitabu vilizaliwa hapa, vikafungwa kwenye maboksi, vikaenda kusomwa na watu wasiopajua.

Hata hivyo mtoto anaweza kukulia Kipalapala hii hii, akamaliza darasa la saba, bila kunyoosha mkono kwenye rafu hata siku moja na kuchagua kitabu yeye mwenyewe. Vitabu anavyovijua ni vile vinavyogawiwa darasani na kukusanywa kengele ikilia. Maktaba, kwake, ni nyumba ya watu wenye mitihani. Mzazi wake naye hupita nje ya mlango ule akienda sokoni, akiamini kwamba humo ndani kuna kitambulisho kinachodaiwa, au Kiingereza, au aibu.

Mwongozo huu ni kwako wewe mwalimu, mkutubi, katekista, mwalimu wa madrasa, kiongozi wa mtaa au mzazi unayetaka mlango huo ufunguke. Unaeleza namna ya kuandaa msako wa vitabu wa asubuhi moja kwa watoto na familia zao. Hauhitaji umeme, mashine ya kuchapa wala fedha nyingi. Unahitaji matayarisho ya wiki tatu, watu wazima tisa au kumi wenye moyo, na vitabu vilivyopo.

Msako ni nini, na kanuni yake ni ipi

Watoto wetu wanajua kutafuta. Wanacheza kibe: mmoja anafumba macho, wenzake wanajificha. Wanajua pia vitendawili: mmoja anatega, wengine wanatoa jibu, na wakishindwa wanatoa mji. Msako wa vitabu unaunganisha michezo hiyo miwili. Kitendawili kinategwa, jibu limejificha kwenye rafu, na familia nzima inakwenda kulisaka.

Kanuni ni moja, na ukiisahau utakuwa umeandaa mbio tu: asipite mtu kituo chochote kabla kitabu hakijafunguliwa. Ukiwaambia watoto wahesabu madirisha, watafute mwanasesere uliyemficha nyuma ya kabati, kisha wakimbilie peremende, watafurahi kweli, lakini watatoka hawajui zaidi ya walipoingia. Mtoto atoke akiwa amefungua angalau vitabu saba, na akiwa anajua njia ya kukipata cha nane bila msaada wako.

Kwa nini uwe msafara

Mchezo huhitaji kisa cha kuubeba, na sisi wa Tabora hatuna haja ya kuazima. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapanda Ugogo, ikafika Unyanyembe, yaani Tabora hii, kisha ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857; walipofika Kaze, kama Tabora ilivyoitwa wakati huo, ilikuwa Novemba. Hapa ndipo njia zilipogawanyika: nyingine ilikwenda magharibi hadi Ujiji, nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Kwa sababu njia zote zilikutana Tabora, mchezo wako unaweza kuanzia popote ukaishia hapo.

Kila familia, au familia mbili zilizoungana, iwe msafara mmoja wa watu wanne hadi sita. Gawa kazi hivi:

1. Kirangozi ni mtoto. Katika misafara ya kale kirangozi ndiye aliyetangulia mbele na bendera, na wote walimfuata. Hapa pia mtu mzima haruhusiwi kumpita. Mtoto ndiye anayesoma kitendawili, ndiye anayeamua rafu ipi, ndiye anayekishika kitabu kwanza.
2. Mnyapara ni mzazi au mlezi. Yeye huangalia muda, huhakikisha hakuna aliyeachwa nyuma, na hutoa msaada anapoombwa.
3. Wapagazi ni wote waliobaki. Mpagazi wa zamani alibeba mzigo wa kilo 30 hivi. Mzigo wa leo ni mfuko wenye daftari, penseli, na kitambaa safi cha kufutia mikono kabla ya kushika vitabu.
4. Mtemi wa kituo ni mmoja wa waandalizi. Anakaa mezani na kupokea hongo. Awe mama au baba: Unyanyembe yenyewe iliwahi kuwa chini ya mtemi mwanamke, Nyaso, baada ya mtemi Isike kufa mwaka 1893.

Hongo lilikuwa ushuru ambao msafara ulilipa kwa mtawala ili upite katika nchi yake. Katika msako wetu hongo ni sentensi moja iliyosomwa kwa sauti kutoka kitabu kilichopatikana, au neno moja jipya lililoelezwa maana. Bila hongo hakuna kupita.

Kuna jambo la kushika kwa uangalifu. Njia hii ilipitiwa na wapagazi Wanyamwezi walioifanya kazi hiyo kwa ujira na kujivunia nguvu zao, lakini ilipitiwa pia na watu waliokamatwa wakapelekwa pwani kuuzwa. Usimfanye mtoto yeyote aigize mtumwa, usifunge mtu kamba, wala usigeuze mateso yale kuwa kichekesho. Katika maneno ya ufunguzi waambie watoto wakubwa kweli hiyo kwa lugha nyepesi: wako waliobeba pembe za ndovu kwa malipo, na wako waliofungwa na kuzibeba bila hiari. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuielewa.

Wiki tatu kabla: tarehe, mahali, mkutubi

Tarehe njema kwa Tabora ni Jumamosi moja ya Juni. Mvua zimekwisha, mavuno yameingia, njia zinapitika, na asubuhi kuna baridi ya kupendeza. Isitoshe, tarehe 16 Juni ni Siku ya Mtoto wa Afrika, kwa hiyo ofisi na mashirika huwa tayari kusikia habari za watoto. Epuka Novemba na Desemba, familia zinapokuwa shambani.

Mahali pa kwanza pa kufikiria ni Maktaba ya Mkoa mjini Tabora, iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Bodi hiyo ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa Dar es Salaam na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, siku ya Uhuru. Mwelezee mzazi habari hiyo anapokuuliza kama anaruhusiwa kuingia. Maktaba ya umma ilijengwa kwa ajili yake. Ikiwa nauli ya kutoka Kipalapala hadi mjini ni mzigo kwa familia, fanyia msako shuleni au kwenye ukumbi wa parokia. Nitaeleza baadaye namna ya kufanya pale penye vitabu vichache.

Nenda kwa mkutubi mapema na umshirikishe kama mwandalizi mwenzako. Mwulize mambo manne: ni asubuhi ipi ina wasomaji wachache, ni rafu zipi zinafikiwa na mtoto bila kupanda kiti, ni vitabu gani havipaswi kushikwa na watoto, na taratibu za uanachama ni zipi. Kisha mwombe akuonyeshe namba zilizobandikwa migongoni mwa vitabu, kwa kuwa humo ndimo siri ya msako ilimo.

Maktaba nyingi duniani, pamoja na za kwetu, hupanga vitabu kwa utaratibu uliobuniwa na Mmarekani Melvil Dewey na kuchapishwa mwaka 1876. Elimu yote imegawanywa mafungu kumi, kuanzia 000 hadi 900. Lugha ziko 400, sayansi 500, kilimo na ufundi 600, fasihi 800, historia na jiografia 900. Ngano na vitendawili viko 398, ufugaji nyuki uko 638, historia ya Tanzania iko 967.8. Kwa mtoto, mweleze hivi: namba ile ni anwani ya nyumba ya kitabu. Mwenye anwani hapotei mjini, hata kama ni mgeni.

Vituo sita na kituo cha mwisho

Andaa vituo sita, kila kimoja na meza ya mtemi, jina lililoandikwa kwa herufi kubwa kwenye manila, na vitabu vyake karibu. Misafara sita inaanza kila mmoja kwenye kituo chake, kisha inazunguka, ili watu wote wasirundikane pamoja. Huu hapa mpango uliokwisha pangwa. Ubadilishe kulingana na vitabu ulivyo navyo.

Bagamoyo: kamusi. Msafara utafute maneno mawili, *hongo* na *mnyapara*. Kamusi zetu, ziwe Kamusi ya Kiswahili Sanifu au Kamusi Kuu ya Kiswahili, zitawapa maana. Watoto wagundue kwamba hongo, lililokuwa ushuru wa njiani, leo ni rushwa, na kwamba mnyapara wa msafara leo ni msimamizi wa vibarua au kiongozi wa wafungwa. Wajadili dakika mbili: neno husafirije mpaka likabadilika namna hii? Hapa mtoto anajifunza mpangilio wa alfabeti bila kuhubiriwa.

Ugogo: atlasi. Hapa kazi ni kupima. Wape uzi na rula. Walaze uzi juu ya ramani kutoka Bagamoyo hadi Tabora, kisha hadi Ujiji, wausome kwa kipimo cha ramani na kuandika idadi ya kilomita. Halafu wafuate reli ya kati iliyopita karibu na njia hiyo. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Wenye umri mdogo watafute ziwa refu kuliko yote ya kwetu na kulionyesha kwa kidole.

Kwihara: vitabu vya maisha ya watu. Kwihara iko kilomita chache tu kutoka mjini, na tembe ambamo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872 inatunzwa hadi leo kama makumbusho. Msako usiishie kwa Wazungu hao wawili. Waulize watoto: ni akina nani waliobeba mwili wa Livingstone kutoka kati ya Afrika hadi Bagamoyo? Majibu ni Abdullah Susi na James Chuma, pamoja na wenzao wengi, waliopita Unyanyembe mwaka 1873 na kufika pwani mwanzoni mwa 1874. Mtoto akikipata kitabu chenye majina hayo, amepata pia somo la kuangalia nani ameandikwa kwa herufi kubwa na nani kwa ndogo.

Urambo: faharasa. Chagua kitabu cha historia chenye faharasa mwishoni. Watoto watafute jina Mirambo, waandike ni kurasa ngapi anatajwa, kisha wafungue ukurasa mmoja na kusoma. Mtemi huyu wa Urambo aliyefariki mwaka 1884 alikuwa na nguvu za kuifunga njia ya misafara alipotaka. Watu wazima wengi hawajui kutumia faharasa. Mtoto anayeijua ataokoa saa nyingi maishani.

Miombo: sayansi na kilimo. Tabora ni nchi ya asali, na nyuki wake hulishwa na misitu ya miombo. Msafara utafute rafu ya ufugaji nyuki au kitabu chochote cha wadudu, uchore nyuki na kutaja sehemu tatu za mwili wake. Mzazi mwenye mizinga aulizwe swali moja ambalo kitabu hakijalijibu, na jibu lake liandikwe kwenye daftari.

Ujiji: hadithi. Hapa hakuna haraka. Kuna mkeka, na vitabu vya hadithi za watoto vimelazwa juu yake. Kirangozi achague kimoja, na mnyapara au yeye mwenyewe asome kurasa mbili kwa sauti huku wote wamekaa. Usisahau vitabu vya picha kwa wasiojua kusoma. Mara nyingi kituo hiki ndicho watu wanachokumbuka, kwa sababu baba amesoma na mtoto amemsikia.

Tabora: kituo cha mwisho, wote kwa pamoja. Misafara yote ikishamaliza, ikusanye na utege kitendawili cha mwisho, ambacho jibu lake ni ukurasa wa uchapishaji. Kila msafara upewe vitabu kadhaa na utafute kila kimoja kimechapishwa mji gani, mwaka gani na nani. Hakikisha umeweka kati yao angalau kimoja chenye jina la T.M.P., Tabora. Mtoto wa Kipalapala atakapolisoma jina la kwao ndani ya kitabu, mwache anyamaze kidogo, usimkatize. Kwa wakubwa ongeza jingine: tafuta mchezo wa Shakespeare uliotafsiriwa na mtu aliyesoma Tabora na kuwa mwalimu hapa hapa. Jibu ni Julius Nyerere, aliyefundisha Shule ya St. Mary's kuanzia mwaka 1946, na ambaye tafsiri yake ya kwanza ya Shakespeare ilitoka mwaka 1963.

Kuandika vitendawili

Kidokezo kizuri kina mambo matatu: taswira ya kitu ambacho mtoto anakijua nyumbani, jibu moja tu, na njia ya kurudi kwenye kitabu. Kiwe kifupi, mstari mmoja au miwili. Hii ni mifano ya kuanzia:

- *Mzee wetu anajua maana ya kila neno, ila hasemi mpaka umfunue.* (Kamusi.)
- *Nchi nzima nimeikunja, nimeitia kwapani.* (Atlasi.)
- *Mlinzi wangu analala mkiani mwa nyumba, lakini anajua kila mtu yuko chumba gani.* (Faharasa.)
- *Malkia mmoja, raia maelfu, na kila askari amebeba mkuki nyuma.* (Nyuki.)
- *Nilimkuta amelala. Nilipomfungua, fisi na sungura wakaanza kubishana.* (Kitabu cha hadithi.)
- *Cheti chake cha kuzaliwa hakikai kabatini. Anatembea nacho tumboni.* (Ukurasa wa uchapishaji.)

Mtemi aanze kwa kusema "Kitendawili!" na msafara uitike "Tega!" Wakikwama kwa dakika tatu, mtemi awaombe mji, kisha awape nusu ya jibu, kwa mfano namba ya rafu. Asiwape jibu zima. Kwa watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu ongeza mchoro pembeni ya maneno. Kwa wa sekondari ondoa jina la kitabu na uwaachie namba tu.

Kabla ya siku yenyewe, jaribu msako mzima na mtoto mmoja ambaye hakushiriki kuuandaa. Mfuate kimya, saa mkononi. Pale atakapokuuliza "sasa nifanye nini?" ndipo maandishi yako yana kasoro. Yarekebishe, hata kama kwako yanaonekana wazi.

Sarafu ya tembo

Badala ya muhuri, kila mtemi atoe sarafu ya boksi. Mwaka 1916, Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa imelikata koloni la Wajerumani na dunia, sarafu za dhahabu za rupia 15 zilifuliwa hapa Tabora, kwenye karakana ya reli, zikiwa na picha ya tembo. Kata maboksi ya sabuni katika miduara, chora tembo upande mmoja na jina la kituo upande wa pili. Misafara sita kwa vituo saba inahitaji sarafu 42, tengeneza 50. Watoto wa jirani wataifanya kazi hiyo jioni mbili, na tayari watakuwa wameshaanza kuusubiri msako.

Vifaa vingine ni karatasi za manila kumi, kalamu za wino mzito mbili, penseli kumi na mbili, uzi, rula tatu, mikeka miwili, ndoo ya maji yenye bomba na sabuni ya kunawa mlangoni, na daftari la mahudhurio.

Ratiba ya siku

Saa 3:00 asubuhi, familia zinafika, zinanawa mikono na kuandikwa. Saa 3:30, mkutubi anasalimia na kuonyesha namna ya kushika kitabu, kufungua ukurasa kwa kona ya juu, na kusoma namba ya mgongoni. Mwandalizi anasimulia kisa cha msafara kwa dakika kumi. Saa 3:50, misafara inaondoka. Kila kituo kina dakika 12, na ngoma ndogo nje ya mlango inatangaza kuhama. Saa 5:05 vituo sita vimekwisha. Saa 5:15 wote wako kituo cha Tabora. Saa 5:45 ni chakula na kujiandikisha maktaba. Saa 6:30 mchana watu wanarudi nyumbani.

Chakula kiwe nje, chini ya mwembe, mbali na vitabu. Michembe, karanga za kuchemsha na uji wenye asali vinatosha kabisa. Asali isiingie ndani hata tone moja. Siafu na sisimizi hawana kadi ya uanachama.

Wazee na wasiojua kusoma

Hapa ndipo waandalizi wengi wanapokosea. Bibi aliyemleta mjukuu wake huenda hajui kusoma, na ukimkabidhi karatasi mbele ya watu umemfukuza kwa adabu. Mpe kazi inayomstahili. Tembe ilijengwaje? Mwaka wa njaa watu walikula nini porini? Jina la Kinyamwezi la mti ule ni lipi? Weka swali moja la namna hii katika kila kituo, na jibu la mzee lihesabiwe kama hongo halali. Mtoto aje kwa adabu: "Shikamoo bibi, tunaomba utusaidie." Kisha aandike alichoambiwa. Mtoto atajifunza kwamba kitabu na bibi ni hazina mbili, na bibi atatoka akiijua maktaba kama mahali alipoheshimiwa.

Ukiwa na vitabu vichache

Shule nyingi zina kabati moja ofisini kwa mwalimu mkuu. Msako bado unawezekana. Kwa vitabu 40 fanya vituo vinne badala ya sita. Vitoe vyote, vipange juu ya mikeka chini ya mti katika mafungu manne: maneno, nchi na watu, viumbe, hadithi. Bandika kipande cha karatasi chenye namba ndani ya kila kitabu, kikichomoza kidogo, ili watoto wazoee anwani. Waombe walimu, mapadri, masheikh na majirani wakuazime kamusi na atlasi kwa siku moja, andika jina la mwenye kitabu kwenye daftari, na ukirudishe jioni ile ile. Mwaminifu wa kurudisha ataazimwa tena.

Mambo ya kuangalia

Usifiche karatasi za vidokezo ndani ya vitabu vya maktaba. Kitabu kikiazimwa, kidokezo kimekwenda nacho. Usibandike kwa gundi kwenye rafu za watu. Wala mtoto asirudishe kitabu rafuni mwenyewe: akiweke juu ya meza ya mtemi, mkutubi atakipanga. Kitabu kilichorudishwa pasipo pake ni sawa na kilichopotea, hata kama kimo humo humo ndani.

Mlangoni wawepo watu wazima wawili wakati wote, na mtoto asitoke ila na yule aliyeandikishwa naye. Ukitaka kupiga picha, omba ruhusa ya mzazi kwanza. Mwenye mtoto mlemavu wa miguu au wa macho aulizwe mapema anahitaji nini: njia pana kati ya meza, au msomaji wa kukaa karibu naye.

Kuhusu zawadi: usimtangaze mshindi wa haraka. Atakayetuzwa kwa kasi, mwakani atakuja kukimbia. Kila msafara uliofikisha sarafu zote upate zawadi ile ile, na iliyo bora kuliko zote ni kitabu cha kwenda nacho nyumbani au fomu ya uanachama iliyojazwa pale pale, mkutubi akiwa ameketi karibu.

Baada ya msako

Jioni ile kaa na wenzako nusu saa mkiwa bado mnakumbuka. Andikeni kitendawili kilichokuwa kigumu mno, kituo kilichosongamana, swali ambalo mtoto aliuliza na hamkuwa na kitabu cha kulijibu. Swali hilo la mwisho mpelekee mkutubi. Litamsaidia kuomba vitabu vinavyohitajika kwa watu wake halisi.

Kisha subiri wiki moja, urudi maktabani na daftari lako la mahudhurio. Hesabu ni watoto wangapi wamerudi bila kuitwa. Wakiwa watatu kati ya thelathini, msako wako umefaulu, na watatu hao wataleta wenzao. Ndugu msomaji, usingoje ufadhili wala barua kutoka juu. Jumatatu hii nenda kwa mkutubi aliye karibu nawe, au kwa mwalimu mwenye ufunguo wa kabati, na umwombe tarehe moja tu ya mwezi Juni. Bendera ya kirangozi mpe mtoto, nawe mfuate nyuma.